Neno "fast" la Kiingereza: mbona ni kasi, ni kufunga, na ni kukwama palepale?

Kila Ramadhani na Kwaresma zikikaribia linazuka swali lilelile mtandaoni, na miaka hii miwili limezuka kwa nguvu zaidi kwa sababu Waislamu na Wakristo wamejikuta wanafunga karibu pamoja, 2025 walipishana siku chache tu na 2026 Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 18 Februari na Ramadhani nayo ikaanza wiki hiyohiyo. Mtu anaweka status "I am fast today" akimaanisha amefunga, rafiki yake anamrekebisha kwamba hapo umesema una mbio leo, mwingine anaingilia kati anauliza sasa kama "fast" ni haraka imekuwaje ikawa pia kukaa na njaa, alafu watu wanaanza kubishana mpaka usiku na kila mmoja ana nadharia yake.

Swali ni zuri sana na linastahili jibu la maana kuliko lile la "Kiingereza ndivyo kilivyo, kariri tu". Kwa sababu siyo la kukariri. Na mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, ufunguo wa hili neno anao tayari kwenye lugha yake, ila hajaambiwa.

Kwanza tuelewane kwenye maneno mawili nitakayoyatumia. Kisawe ni neno linalokaribiana maana na jingine, na nasisitiza linakaribiana, sijasema ni sawasawa. Kinyume ni neno linaloelekea upande wa pili. Panga, kisu na wembe vyote vinakata, lakini huwezi kunyolea panga wala kufyekea wembe, na visawe vya Kiingereza viko hivyohivyo, ukivichukulia kwamba popote kimoja kinapokaa kingine nacho kitakaa utaandika sentensi ambazo kisarufi ziko sawa lakini msomaji anasita. Vinyume navyo vina mtego wao: neno lenye maana tatu lina vinyume vitatu tofauti, kwa hiyo ukiulizwa "kinyume cha fast ni nini" kabla hujajibu inabidi uulize fast ipi.

Basi tuanze na fast ipi.

Maana ya kwanza ndo inayojulikana na kila mtu, kasi. "Fast car", "fast bowler" kwenye kriketi, "he runs fast". Hamna tatizo hapo.

Maana ya pili ni kufunga chakula. "I am fasting" ni nimefunga, "the fast" ni funga yenyewe, saumu. Angalia vizuri, ukitaka kusema umefunga leo unasema "I am fasting", kile kipande cha mwisho ndo kinabeba kila kitu, ukikiacha umejisifia mbio.

Maana ya tatu ndo inayowachanganya watu wengi wanaosoma magazeti na Biblia na mikataba, na kwa bahati mbaya shuleni huwa inarukwa. Fast maana yake imara, imeshika, haitoki, haichomoki. Ukisoma "the lorry was stuck fast in the mud" usifikiri lori lilinasa haraka, limenasa kisawasawa, hata mkilisukuma kumi halitoki. "Fast asleep" siyo kulala kwa kasi, ni kulala fofofo, na hapo linganisha na "he fell asleep fast" ambayo ndo kweli alipitiwa haraka, maneno yaleyale karibu yote lakini yamebadilisha nafasi na maana ikahama. "Fast friends" siyo marafiki wa juzijuzi waliozoeana upesi, ni marafiki walioshibana, wa kufa na kuzikana. Na baharini huko, nahodha akipiga kelele "make fast!" hamwambii baharia afanye haraka, anamwambia funga kamba gatini chombo kisiondoke.

Kwenye vitabu vya dini maana hii ya tatu imejaa. Biblia ya Kiingereza ya King James kwenye Wathesalonike wa Kwanza 5:21 inasema "hold fast that which is good", na Kiswahili chake tunakijua wote, lishikeni lililo jema. Tafsiri nyingi za Qur'ani kwa Kiingereza kwenye ile aya ya 103 ya sura ya Al-Imran, ya kushikamana na kamba ya Mwenyezi Mungu, zinatumia "hold fast" vilevile. Hakuna haraka yoyote hapo. Ni kushika usiachie.

Sasa je, haya ni maneno matatu yaliyogongana kwa bahati mbaya au ni neno moja? Ni familia moja kabisa, na mzee wa familia ni ile maana ya tatu. Kwenye Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, lilikuwepo neno "fæst" na maana yake ilikuwa imara, kilichokazwa, kilichofungwa. Kasi ilikuwa bado haimo.

Kutoka hapo "fasten" imetoka moja kwa moja, ile unayoiona ikiwaka juu ya kiti chako kwenye ndege, "fasten seat belt". Kiswahili chake ni nini? Funga mkanda. Umeona eeh? Na mtu asiyekula mchana wa Ramadhani amefanyaje? Amefunga. Kiingereza kimefanya jambo lilelile ambalo Kiswahili kimefanya, mzizi mmoja unafunga mkanda na mzizi huohuo unafunga chakula. Kwa upande wao wazo la zamani lilikuwa kujifunga kwenye amri, kushika sheria usiiachie, na baada ya muda ile sheria ya kutokula ndo ikabaki na jina. Wajerumani nao wako hivyohivyo, "fest" kwao ni imara na "fasten" kwao ni kufunga chakula, ila kwa wale wanaojifunza Kijerumani muwe makini maana "fast" ya Kijerumani siku hizi ni karibu, kama kusema karibu watu wote walikuja.

Imebaki kasi. Imekuwaje neno la kukaza likawa neno la kukimbia? Hapa ndo napapenda kuliko pote. Sikiliza kocha wa timu ya mtaani anavyowapigia kelele vijana wake: kaza mwendo! Kaza buti! Nati unaikaza isilegee, kamba unaikaza isifunguke, na mwendo pia unaukaza, na mwendo ukikazwa unakuwa wa haraka. Hakuna mswahili hata mmoja anayeshangaa kwamba kukaza nati na kukaza mwendo ni kitenzi kimoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waingereza, "run fast" mwanzoni ilikuwa kukimbia kwa kukaza, kukimbia kwa nguvu zote bila kulegeza, na anayekimbia bila kulegeza mwisho wa siku anakwenda kasi, kwa hiyo pole pole kwenye karne za kati maana ikahamia kwenye kasi yenyewe na leo ndo imekuwa ya kwanza kichwani. Kwa hiyo mtu akikuuliza, mwambie fast ni kaza na funga, ukiwa na hizo mbili umemaliza kazi.

Kuna kitu kimoja cha vitambaa naomba nikikalie kidogo kwa sababu kinaweza kukupotezea hela. Kwenye kitambaa unaweza kukuta kibandiko kimeandikwa "fast colour" au "colourfast", na mtu mwenye maana moja tu ya fast kichwani anasoma kwamba rangi inatoka haraka, anakirudisha. Ni kinyume kabisa. Maana yake rangi imeshika, haichuji. Ile unayoloweka kwenye beseni na shati jeupe la shule na maji yakabaki vilevile, hiyo ndo fast. Na hospitali kipo kipimo kinachotumia neno hilihili, ukiona kwenye fomu ya makohozi wameandika AFB, ile A na F ni "acid-fast", wanatafuta vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo vikishapakwa rangi nyekundu ukavisuuza hata na asidi rangi haitoki wakati vijidudu vingine vinachuja. Asidi haifanyi kazi haraka hapo, rangi imegoma kutoka. Mganga wa maabara na muuza khanga wanazungumza jambo moja.

Tukija kwenye breakfast. Kuna maelezo yanazunguka kwamba breakfast ni "break" ya "fast", yaani mapumziko mafupi ya chap chap ya kupata chai kabla ya kazi. Siyo kweli. "Break" hapo ni kuvunja, na "fast" ni ile ya kutokula, usiku kucha ulikuwa hujala ukiwa umelala kwa hiyo asubuhi unavunja funga. Kiswahili kinasema kifungua kinywa, na jioni ya Ramadhani tunasema kufungua au kufuturu, wazo lilelile tena. Ndugu zetu wa Congo na Burundi waliosoma Kifaransa wanalo pia, "jeûner" ni kufunga na "déjeuner" asili yake ni kuvunja hiyo funga. Matamshi nayo yanaficha asili ya neno maana halitamkwi breik-fast, linatamkwa brek-fast, "break" imefupishwa. Kwenye "fasten" ile t haitamkwi kabisa, kama kwenye "listen" na "castle".

Haya, sasa visawe vya ile fast ya kasi, maana hapa ndo watu wanaoandika barua za kazi na insha za mitihani wanaumia. Programu za kompyuta zinakupa orodha, quick, rapid, swift, speedy, hasty, unachagua moja ili uonekane umesoma. Tulia kwanza.

Tofauti kubwa ni kati ya fast na quick. Fast inahusu mwendo wa kitu, kinakwenda kwa kasi gani. Quick inahusu muda, jambo linaisha mapema. Chukua mbio. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia, hiyo ni karibu kilomita 21 kwa saa kwa kilomita 42 nzima, watu wengi hatuwezi kuikimbia kasi hiyo hata dakika tatu. Alikuwa fast, tena sana. Lakini huwezi kusema marathoni ni "a quick race", mbio za saa mbili siyo za mara moja. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 pale Kasarani Septemba 2021 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika, hapo ziko zote mbili, mtu ni fast na mbio zenyewe ni quick, hujakaa vizuri kwenye kiti zimeisha. Ndo maana tunasema "a quick shower", "a quick question", "a quick look", kuoga hakuna kasi ya kilomita kwa saa, kuna muda tu. Ukisema "a fast question" mtu atakuelewa lakini atajua umetafsiri. Upande wa chakula ziko zote ila maana zinatofautiana, "fast food" ni aina ya biashara, chipsi kuku na baga vilivyo tayari unaondoka navyo, na "a quick meal" ni mlo wowote unaopika au kuula ndani ya muda mfupi, hata ugali na mayai nyumbani kwako.

Rapid ni ya maandishi na ya mambo yanayobadilika au yanayofuatana upesi. "Rapid growth" ya mji, "rapid response". Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 jina la Kiingereza lilikuwa Rapid Transit, na duniani kote mfumo ule unaitwa hivyo. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole, kile kinachotoa jibu kwa kama dakika 15 hadi 20, ni "rapid test". Lakini mtu hana "rapid car" na hakuna mzazi anayemwambia mwanawe "be rapid", anasema "be quick".

Swift ina heshima na wepesi ndani yake, unaikuta kwenye habari na hotuba, "swift action", "swift response", hatua zilizochukuliwa bila kusuasua. Ile SWIFT unayoombwa namba yake benki ukitumiwa hela kutoka Oman au Marekani ni kifupi cha jina la taasisi iliyoanzishwa 1973 Ubelgiji, na kifupi chake kikasomeka kama neno hili. Speedy yenyewe imeganda kwenye sehemu chache, kubwa ikiwa "I wish you a speedy recovery" kwa mgonjwa, ukiwa na hiyo moja inakutosha.

Hasty ndo ya kuogopa. Hii ni haraka ya pupa, ile isiyo na baraka. "A quick decision" ni sifa, "a hasty decision" ni lawama. Mtu akiandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba "I am a hasty worker" amejiangusha mwenyewe kabla ya usaili, na kwenye orodha ya visawe haya maneno yamepangwa jirani kabisa bila onyo.

Na kwa kuwa tumeigusa quick, nayo ina asili yake nzito. Zamani maana yake ilikuwa hai. Kwenye ile Imani ya Mitume, pale tunaposema atakuja kuwahukumu wazima na wafu, Kiingereza cha zamani kinasema "the quick and the dead", na wapo wanaoisoma leo wakafikiri ni wenye mbio na waliokufa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita wanaitumia zebaki, jina lake la zamani la Kiingereza ni "quicksilver", fedha iliyo hai, kwa sababu ukiidondosha inakimbia-kimbia na kujikusanya kama kitu chenye uhai. Na ile nyama laini chini ya ukucha, ukiikata unaruka, inaitwa "the quick". Sehemu iliyo hai ya kidole.

Turudi kwenye vinyume sasa kwa sababu tumeshajua fast ipi ni ipi. Ya kasi kinyume chake ni slow, na hii inabeba mpaka saa ya ukutani, "my watch is five minutes fast" ni saa yangu iko mbele dakika tano na "slow" ni iko nyuma. Kasi ya mabadiliko, ile ya rapid, mara nyingi inapingwa na gradual, kidogo kidogo. Ya kushika kinyume chake ni loose, iliyolegea, na hizi mbili zimeoana kwenye msemo mmoja unaousikia sana kwenye siasa, "to play fast and loose". Wengi wanadhani ni kucheza haraka haraka na kwa uzembe. Asili yake ni mchezo wa utapeli wa kwenye magulio ya Uingereza zamani, mkanda au kamba inakunjwa, unaweka hela ukibashiri kwamba ukichomeka kijiti kamba itashika, yaani fast, au itaachia, yaani loose, na mwenye mchezo alikuwa anaweza kuifanya iwe vyovyote anavyotaka. Shakespeare aliutaja kwenye tamthiliya yake ya Antony na Cleopatra, Antony akilalamika kwamba amechezewa. Kwa hiyo kiongozi anayeambiwa "he plays fast and loose with the law" anaambiwa leo sheria imeshika na kesho imeachia kutegemea inamfaa nani.

Ya kutokula nayo kinyume chake ni kula, ila Kiingereza kinapenda kuipambanisha na "feast", karamu, maneno yanapishana herufi moja tu wakati asili zao hazihusiani, feast imetoka Kilatini. Angalia sana kibodi ya simu, ukiandika umealikwa kwenye "fast" wakati ni "feast" utaenda na njaa urudi na njaa.

Cha mwisho ni "fastly". Hii haitumiki kwenye Kiingereza cha leo, hata kama kanuni ya kuongeza -ly inakushawishi. Slowly ipo, quickly ipo, rapidly ipo, lakini fast inajitosheleza, "he is fast" na "he runs fast", haibadiliki. Wenzake ni hard, late na early. Na kwenye hard na late usithubutu kuongeza -ly ukitegemea maana ibaki, "lately" ni siku hizi za karibuni, "hardly" ni kwa nadra au karibu hapana, kwa hiyo mwalimu mkuu akitaka kumsifia kijana wake kwa barua kwamba anachapa kazi akaandika "he hardly works", ameandika kwamba kijana hafanyi kazi. Aandike "he works hard", na huyu mwenye mbio "he runs fast". Ukilinganisha ni faster na fastest, "more fast" nayo iache.